Fuata Maji: Njia za Miguu za Rau, kutoka Vihambani hadi Majarubani

Kila Desemba Wachagga walioko Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya hurudi nyumbani, na barabara za Moshi hujaa magari. Mbuzi huchinjwa, vikao vya ukoo hukaa, watoto hupelekwa kusalimia babu na bibi. Januari inapoingia, wengi huondoka wakiwa wameuona mlima kupitia kioo cha gari tu. Mwongozo huu ni wao kwanza. Kisha ni wa wakazi wa Moshi wenyewe, ambao wengi hudhani kwamba kuzunguka mashambani kwa miguu bila shughuli maalumu ni mambo ya wageni wenye mabegi mgongoni.

Pa kuanzia ni Rau. Ni kata ya Manispaa ya Moshi, kwenye barabara inayopanda kwenda Uru, lakini jina lake limeenea mbali zaidi ya mipaka ya kata. Kuna Mto Rau, unaotoka mlimani na kupita pembeni mwa mji. Kuna Msitu wa Hifadhi wa Rau, ulioko tambarare, kusini mashariki ya mji. Na chini zaidi, kwenye mashamba ya mpunga, kuna Rau ya Kati. Ukiziunganisha sehemu hizo unapata mteremko mmoja mrefu, kutoka migombani hadi mpungani, na kinachoziunganisha ni maji. Kwa hiyo anayetaka kutembea eneo hili asianze kwa kuuliza barabara. Atafute maji, kisha afuate kijia kilicho kandoni mwake. Karibu kila mfereji hapa una kijia cha miguu ubavuni, kwa sababu mfereji usiotembelewa huziba.

Jambo hili linajulikana kwingineko. Kisiwani Madeira, Wareno walianza kuchimba mifereji ya kumwagilia iitwayo levada tangu karne ya 15, na leo vijia vya wasimamizi wa maji ndivyo vinavyowavuta watembeaji kutoka Ulaya nzima. Uingereza nako njia nyingi za matembezi hufuata mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mashua za mizigo, zilizokuwa zikivutwa na farasi akitembea ukingoni. Ila Uingereza ilitunga sheria mwaka 1949 iliyozitaka halmashauri za kaunti kuchora ramani ya njia zote ambazo mwananchi ana haki ya kupita, hata zinapokatiza shamba la mtu. Rau hakuna ramani ya namna hiyo, wala usitegemee vibao vya kukuelekeza. Kinachokufungulia njia ni salamu, na kinachokupoteza ni kujifanya huwaoni watu.

Njia ziko tatu: ya juu kule Uru, ya msituni na ya majarubani. Kwa njia ya juu ushauri ni huu: panda kwa daladala, shuka kwa miguu. Magari ya Uru hupita Rau Madukani. Yapande hadi Materuni, kwenye mwinuko unaozidi meta 1,500, ndipo uanze kuteremka. Anayepanda kwa miguu kutoka Rau hufika juu amechoka, mawingu yameshafunika kilele cha Kibo, na hana tena nguvu ya kutazama chochote. Materuni inajulikana kwa maporomoko yake. Wageni wengi huishia hapo: hupiga picha, hunywa kahawa iliyokaangwa na kutwangwa mbele ya macho yao, hurudi mjini. Maporomoko yanastahili sifa zake. Lakini utajiri wa Uru uko katika vihamba, yale mashamba ya nyumbani ambayo magari ya watalii huyapita kwa kasi.

Kihamba si shamba la zao moja. Juu kabisa imesimama miti kama mringaringa, mruka na mgrivelia. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Na ardhini magimbi, viazi vikuu, mboga na majani ya ng'ombe aliyefungiwa zizini. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1984 walihesabu zaidi ya aina 100 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro, ilhali wastani wa ukubwa wa shamba la familia haukufika hata hekta moja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo hiki kuwa sehemu ya urithi wa kilimo wa dunia, na kijiji kilichochaguliwa kukiwakilisha ni Shimbwe Juu, huko huko Uru. Ukishuka polepole utaweza kutofautisha mshare wa kupikia mtori na kisukari cha kuliwa kikiwa kimeiva. Muulize mama mwenye shamba. Swali la ndizi halimkeri mtu yeyote Uru.

Na hapo, kati ya migomba, ndipo unapokutana na mfongo.

Mfongo ni mfereji wa asili wa Wachagga. Huanzia mtoni kwenye banio la mawe, udongo na magogo, kisha hufuata ubavu wa kilima kwa mteremko mdogo sana, kiasi kwamba kwa macho tu unaweza kuapa maji yanapanda. Mahali pa kuvuka korongo, mababu waliweka magogo yaliyochongwa katikati ili yapitishe maji. Mingine ina bwawa dogo, nduwa, linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, ili maji ya usiku yasipotee bure. Yote hayo yalifanywa bila vifaa vya upimaji, na mamia ya mifongo yalikuwa yanafanya kazi kabla Wajerumani hawajafika. Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza aliyefanya kazi Moshi, aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1924 kuhusu Kilimanjaro na watu wake. Kila mfongo ulikuwa na ukoo wenye historia ya kuuchimba na mzee wa kuusimamia. Usafishaji ulifanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na asiyetokea alitozwa faini. Baadhi ya mifongo imekauka siku hizi, kwa kuwa mabomba yamefika nyumbani na vijana wengi wako mijini. Iliyobaki bado inamwagilia, na inastahili kutazamwa kwa heshima ileile ambayo jengo la kale la Zanzibar hupewa.

Tembea kwenye ukingo wa upande wa chini wa mfongo, ambako udongo uliochimbwa ulirundikwa na kushindiliwa. Usikanyage pembe laini za mfereji, maana unyayo mmoja wakati wa maji mengi unaweza kufungua tundu. La muhimu kuliko yote: ukiona jiwe, gome la mgomba au gunia la mchanga limezuia maji, usiliguse. Hapo kuna zamu ya mtu. Maji ya mfongo hugawanywa kwa siku na kwa saa, na kulisogeza jiwe ili upite pakavu ni kuchukua maji ya familia moja na kuipa nyingine. Ugomvi wa maji mlimani umevunja undugu wa watu wengi.

Vijia vingi vya Uru hupita uani kwa watu. Piga hodi kabla hujatokeza, toa shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, na ueleze unakwenda wapi hata kama hujaulizwa. Ukiona mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu membamba iliyopandwa mpakani, jua hiyo ni alama ya kihamba cha mtu. Usivunje jani lake kwa mchezo. Kwa Wachagga sale hubebwa na anayekwenda kuomba msamaha, na mzee anayekuona ukilichezea atajisikia vibaya, hata asipokuambia. Utafika Rau Madukani na njaa. Hapo kula, kisha nenda kapumzike. Msitu uwe wa siku nyingine.

Msitu wa Rau uko umbali wa kilometa chache tu kutoka katikati ya mji, na ndiyo njia inayowafaa zaidi wenye watoto. Ni tambarare na ina kivuli, na msitu wenyewe una ukubwa wa takriban hekta 570. Anayeingia kwa mara ya kwanza hushangaa: nje kuna jua kali la tambarare ya Moshi, ndani kuna miti mirefu, kamba za miti zinazoning'inia na ardhi yenye unyevu. Moshi mjini hakunyeshi mvua ya kutosha kukuza msitu wa namna hiyo. Kwa mwaka haifiki milimita 1,000. Maji yake yanatoka juu. Kwenye mwinuko wa karibu meta 2,000 upande wa kusini wa mlima, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Sehemu ya maji hayo huzama katika miamba ya volkano yenye matundu, husafiri chini ya ardhi, na kuibuka mlima unapokwisha, kama chemchemi. Njoro ni jina la eneo lenye chemchemi hizo jirani na mji, na msitu wa Rau unakunywa maji hayohayo kwa mizizi. Ndiyo maana ukataji wa miti huko juu unahesabika kuwa tishio kwa msitu huu wa chini, ingawa kati yake kuna mji mzima.

Ndani ya msitu tafuta miti miwili. Wa kwanza ni mvule. Kuna mmoja mkongwe ambao ni fahari ya hifadhi, na kuuzunguka shina lake kunahitaji watu kadhaa walioshikana mikono. Wa pili ni msoo, mti adimu unaopatikana katika maeneo machache tu ya Tanzania na Kenya, ambao hata wanasayansi wameuita Oxystigma msoo, kwa jina walilolikuta kwa wenyeji. Inua macho pia uwatafute mbega, weusi wenye manyoya marefu meupe ubavuni na mkia mweupe uliojaa. Mbega hukaa kimya kwa muda mrefu akila majani, kwa hiyo kundi linalopiga kelele hupita chini yake bila kujua. Kima ni rahisi kuwaona, maana wao hutembea tembea. Hondohondo utawasikia kabla ya kuwaona.

Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Pita ofisini kwao kabla ya kuingia, uliza kiingilio cha siku hiyo, lipa kwa namba ya malipo ya Serikali na udai risiti. Chukua mwongozaji wa hapo hapo, si kwa sababu msitu ni hatari, bali kwa sababu vijia vinagawanyika mara nyingi na mvule mkongwe haujitokezi barabarani. Mwongozaji mzuri pia anajua mahali palipo na tope wiki hiyo. Baiskeli inafaa wakati wa kiangazi. Wakati wa masika iache nyumbani.

Ukitoka msituni upande wa chini, miti inakatika ghafla na macho yanafunguka. Mbele yako ni majaruba.

Hii ndiyo njia ya tatu, na kwa yeyote anayependa kutembea kando ya mifereji, ndiyo yenye thamani zaidi. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilijengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Inachukua maji ya mito Njoro na Rau na kuyapeleka kwenye mashamba ya Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Eneo lote la mradi lilipangwa kuwa hekta 2,300, na kati ya hizo kama 1,100 zilitengwa kwa mpunga. Mfereji mkuu umesakafiwa kwa zege, una milango ya chuma ya kugawa maji, na kando yake kuna barabara ya vumbi iliyonyooka ya kukagulia. Kutoka hapo inagawanyika mifereji midogo, na kutoka midogo mitaro ya jaruba kwa jaruba. Ukitembea kwenye ukingo wa mfereji mkuu huwezi kupotea: maji yakienda unakokwenda, unateremka kuelekea mashambani, yakija usoni, unaelekea banioni na mlimani.

Kwa kuwa maji hugawanywa kwa zamu, siku moja unaweza kuona hatua zote za mpunga. Jaruba moja linalimwa kwa pawatila, jingine limejaa wanawake walioinama wakipandikiza miche, la tatu limeiva na kijana ameketi juu ya kichanja akiamia ndege. Kuamia ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Kwelea kwelea wakitua kwa maelfu wanaweza kumaliza shamba asubuhi moja, kwa hiyo usiwafanye waamiaji wacheke na kupiga soga mpaka wasahau kazi. Yangeyange weupe huifuata pawatila wakiokota wadudu, fundichuma husimama kwenye milango ya maji, na mdiria hukaa juu ya nyaya.

Mafanikio ya skimu yalizaa taabu yake. Mpunga ulipoanza kulipa, wakulima wa juu ya banio nao walifungua majaruba, na maji yanayofika chini yakapungua. Sehemu ya eneo lililopangwa kwa mpunga imekuwa ikikosa maji ya kutosha kwa miaka mingi. Anayetembea kutoka Mabogini kwenda Chekereni huiona habari hiyo kwa macho yake, kijani kikipungua na mahindi yakichukua nafasi ya mpunga. Yale maji yanayobaki huendelea kusini hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huwa Mto Pangani, hadi baharini. Huko chini pia kuna watu wanaoyasubiri.

Ushauri wa afya kwa njia hii ni wa lazima. Usioge kwenye mifereji wala usitumbukize miguu ili kuipoza, hata kama watoto wa pale wanaogelea, kwa sababu kichocho kimethibitishwa katika eneo hili la umwagiliaji. Kuhusu mbu, Lower Moshi ni maarufu miongoni mwa watafiti wa malaria duniani. Katika miaka ya 1990 Jasper Ijumba na wenzake waligundua kwamba kijiji kilichozungukwa na mpunga kilikuwa na mbu wengi zaidi kuliko kijiji cha nyika, lakini maambukizi ya malaria yalikuwa machache. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wakulima wa mpunga walikuwa na kipato cha kununua vyandarua, na mbu wa pale walipenda kunyonya ng'ombe. Hiyo ni habari njema kwa wanakijiji. Kwa mtembeaji anayechelewa majarubani hadi jioni si kinga. Avae mikono mirefu, au aondoke kabla ya saa 12.

Kuhusu msimu, epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei. Udongo wa Uru huteleza, vijia vya msitu huwa tope, na Mto Rau hufurika bila kutoa taarifa, wakati mwingine kwa mvua iliyonyesha juu huku mjini kukiwa kukavu. Usivuke mto uliobadilika rangi. Juni hadi Oktoba ndiyo wakati mzuri zaidi, ingawa Juni na Julai mlima hufunikwa na mawingu mara nyingi. Januari na Februari anga huwa safi, na hilo linawafaa waliobaki nyumbani baada ya sikukuu. Msimu wowote ule anza saa 12 asubuhi. Kibo huonekana vizuri hadi kama saa 3, kisha mawingu hupanda.

Viatu viwe vyenye meno chini. Raba za mjini zitakuangusha Uru. Beba maji ya kunywa ya kutosha, kofia, noti ndogo ndogo na mfuko wa kurudishia taka zako. Patana na mwongozaji au dereva wa bodaboda kabla ya kuondoka, si mkishafika. Usimpige mtu picha akiwa kazini kabla hujamwomba, hasa wanawake walio ndani ya jaruba wamejifunga nguo magotini. Kwa wanaofikiria kununua kiwanja kando ya mto baada ya kuipenda mandhari yake, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni. Anayekuuzia hapo anakuuzia kesi.

Kama una asubuhi moja tu, nenda Mabogini. Fika saa 12 na nusu, simama kwenye ukingo wa mfereji mkuu ukiangalia kaskazini, halafu fuata maji kuelekea Chekereni kwa saa mbili au tatu na urudi kwa bodaboda. Ukipata asubuhi ya pili, ipe msitu. Uru inataka siku nzima, na usiende huko ukiwa na haraka.